Valvu Kumi na Sita za Noah ya Kamanga

Injini ya Toyota 3S-FE ina valvu 16: nane za kuingiza hewa na petroli, nane za kutoa moshi. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde. Valvu za moshi hufanya kazi hiyo zikiwa ndani ya moto wenyewe, vichwa vyake vikipita nyuzi joto 700 za Selsiasi. Kinachoziokoa zisiungue ni ule muda mfupi sana zinapokuwa zimefunga, kwa sababu hapo ndipo hukaa juu ya siti zake na kuziachia joto. Karibu robo tatu ya joto la valvu hupitia hapo, kwenye duara jembamba la chuma lenye upana wa milimita moja na kidogo. Valvu ikikaa sawasawa kwenye duara hilo, inadumu. Ikiacha upenyo wa unywele, moto unapita papo hapo, unaula ukingo, na dereva anaanza kulalamika kwamba gari linamisi.

Kuirudisha valvu kwenye siti yake, ikae na kuziba, ni kazi ya kusaga, kupima, kutazama na kusaga tena. Nimeitazama ikifanywa Kamanga, upande wa Sengerema wa Ghuba ya Mwanza, chini ya mwembe ulio jirani na kivuko kinachotoka mjini Mwanza. Fundi mwenyewe ni mtu mzima wa maneno machache. Gereji yake ni kivuli cha mti huo, kontena moja la kuhifadhia vifaa, na meza ya mbao nzito iliyofunikwa kwa bati. Meza hiyo huoshwa kwa petroli na kufutwa kila hedi mpya inapoletwa, na hakuna anayeruhusiwa kuweka juu yake kikombe cha chai.

Gari lilikuwa Noah, ile ya SR40 iliyotengenezwa Japani kati ya 1996 na 2001, ambayo kwa miaka mingi imebeba watu na mizigo ya Kanda ya Ziwa. Wanaokwenda Geita na Bukoba sasa wana Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lakini Noah hii ilizeekea kwenye barabara ya Kamanga kwenda Sengerema, iliyokuwa ya changarawe na vumbi kwa miaka mingi. Vumbi hilo lina sehemu yake katika habari hii. Chujio la hewa likiwa limetoboka au limefungwa vibaya, vumbi laini huingia na hewa, likakwaruza mashina ya valvu na siti zake kidogo kidogo, safari baada ya safari, bila dereva kusikia chochote.

Dereva alikuja asubuhi. "Shikamoo, fundi." Kisha akaeleza: gari halina nguvu, likiwa sailensa linatetemeka, na kesho ana abiria. Fundi aliitikia salamu, akasikiliza injini bila kugusa kitu, halafu akasema, "Kesho haiwezekani, baba. Acha kwanza nijue linaumwa nini."

Katika Noah hiyo injini ya 3S-FE iko chini ya viti vya mbele. Viti vikainuliwa, plagi zikatolewa, na geji ya kompresheni ikafungwa kwenye tundu la kila silinda kwa zamu. Kitabu cha injini hii kinataja karibu psi 178 kwa silinda nzima. Fundi hategemei namba hiyo hapa. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo injini nzima ya Kamanga husoma karibu 155. Hilo hakulisoma mahali, amelipata kwa kupima injini nzima nyingi na kuzikumbuka. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa jirani ya namba hiyo. Ya tatu haikufika nusu yake.

Wengine wangeishia hapo na kuifungua injini. Yeye alimimina oili, kiasi cha kijiko, ndani ya silinda ya tatu na kupima upya. Kama ringi za pistoni ndizo zilizochoka, oili ingeziba nafasi na namba ingepanda. Haikupanda. Kisha akaizungusha injini kwa spana mpaka pistoni ya tatu ikafika juu kabisa, valvu zote za silinda hiyo zikiwa zimefunga, akaingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi. Akamwambia kijana anayejifunza kwake aende nyuma ya gari. Kijana aliinama kwenye ekzosi, akasikia upepo ukitoka. "Unatoka huku, mzee." Basi ni valvu ya moshi, silinda ya tatu. Mpaka hapo hakuna boliti hata moja ya hedi iliyolegezwa.

Kufungua hakukuchukua muda mrefu, ila kulikwenda kwa mpangilio. Maji yalimwagwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu hedi ya aluminiamu ikifunguliwa ya moto hujipinda. Mkanda wa taimingi ulitolewa baada ya alama zote kulinganishwa. Kemshafti moja ya injini hii huvutwa na mkanda, na ya pili huvutwa na ya kwanza kwa gia. Gia hiyo ina springi ndani yake inayotaka kuzunguka, na fundi aliifunga kwa boliti ndogo kabla ya kuigusa. Vifuniko vya kemshafti alivilegeza vyote kidogo kidogo, robo raundi hapa, robo raundi pale, maana kemshafti ikiachiwa upande mmoja na kubaki imebanwa upande mwingine inaweza kuvunjika. Boliti 10 za hedi zililegezwa kuanzia pembeni kwenda katikati. Hedi ikainuliwa na watu wawili, ikalazwa mezani juu ya mbao.

Boksi la katoni lilikuwa tayari, limetobolewa matundu 16 kwa mistari miwili, na kila tundu limeandikwa namba kwa kalamu. Valvu ya kwanza ya silinda ya kwanza inaingia tundu la kwanza, pamoja na springi yake, kikombe chake na shimu yake. Vyuma vilivyosuguana kwa miaka vimezoeana, na kuvichanganya ni kuvianzishia uchakavu mpya. Nimeona gereji kubwa ambako valvu zote hutupwa kwenye beseni moja la petroli. Katoni hili la fundi wa Kamanga lingewafaa mafundi wake.

Kifaa cha kukandamizia springi amekichomea mwenyewe: klampu ya chuma yenye skrubu, na mbele yake kipande cha bomba kilichokatwa dirisha ubavuni. Bomba hilo huingia ndani ya tundu la kikombe bila kukwaruza kuta zake, likaisukuma springi chini. Kupitia dirisha zinaonekana loki mbili ndogo zilizoshika shina la valvu, kila moja ndogo kuliko punje ya mahindi. Alizichomoa kwa sumaku iliyofungwa kwenye kijiti. Loki 32 zilitoka, 32 zikahesabiwa.

Valvu ya moshi ya silinda ya tatu ilipotoka, kila aliyekuwa pale aliielewa bila maelezo. Ukingo wake ulikuwa na pengo, na kutoka kwenye pengo hilo mstari mweupe ulielekea katikati, njia ambayo moto ulikuwa ukipita. Fundi aliigeuza mara kadhaa kwenye mwanga, kisha akaitia kwenye tundu lake katika katoni ingawa haitatumika tena. Akaanza kutazama nyingine 15.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kiasi cha anachokijua. Valvu za kuingiza zilikuwa na masizi meusi yenye mafuta mgongoni. Hiyo ni oili inayoteremka kwenye mashina, maana yake sili zimekauka. Za moshi za silinda nyingine zilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka, rangi nzuri. Moja ya silinda ya pili ilikuwa inaanza kuwa nyeupe upande mmoja, na hiyo alimwonyesha kijana: bado miezi michache nayo ingefuata. Akauliza kama gari liliwahi kuchemsha. Dereva akakubali, mara moja, rejeta ilipotoboka njiani. Akauliza mafuta yananunuliwa wapi. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuzuia uchakachuaji, na mafundi wa rika lake wanaikumbuka miaka ya kabla ya hapo: petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huwaka kwa kugonga, hupandisha joto, na valvu za moshi ndizo zinazolipa.

Usafishaji ulikula sehemu kubwa ya siku. Masizi ya ndani ya vyumba vya moto aliyakwangua kwa kipande cha mbao ngumu kilichochongwa bapa, kamwe si kwa bisibisi, kwa sababu aluminiamu inachubuka kirahisi na mchubuko kwenye uso wa gasketi ni njia ya maji. Kisha petroli na brashi, kisha kitambaa. Uso ulipong'aa, aliweka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, akapitisha fila chini yake. Hedi hii hairuhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05. Kati ya silinda ya pili na ya tatu fila ya 0.08 iliteleza na kupita. Ile siku ya rejeta ilikuwa imeacha alama yake.

Kila valvu ilirudishwa kwenye kibomba kinachoongoza shina lake, ikatikiswa kwa kidole. Vibomba viwili vya upande wa moshi vilikuwa vimelegea. Kibomba kikilegea, valvu hushuka ikiwa imeinama, hugonga siti yake pembeni, na hakuna kusaga kutakakosaidia. Fundi alikata shauri: vibomba hivyo vibadilishwe, uso unyooshwe, siti zote za moshi zikatwe upya. Kazi hizo zinahitaji mashine, na mashine ziko ng'ambo.

Hedi ilifungwa kwa katoni usoni, ikaviringishwa kwenye gunia, na fundi mwenyewe akavuka nayo ziwa. Hakumtuma kijana. Katika karakana ya Nyakato, Mwanza, hedi ilipashwa joto la nyuzi 80 hadi 100 ili aluminiamu itanuke, vibomba vya zamani vikasukumwa nje, vipya vikaingizwa na kupanuliwa ndani mpaka shina la karibu milimita sita lipite bila kubana wala kucheza. Uso ulinyolewa, na fundi alisimama pale akihimiza mashine iondoe kidogo kabisa, kiasi cha kumaliza pindo tu. Kila kinachonyolewa hupunguza chumba cha moto, hupandisha kompresheni, na hakirudi. Siti zilikatwa kwa nyuzi 45, kisha juu na chini kwa pembe nyingine, ili duara la kugusana libaki jembamba na liwe katikati ya uso wa valvu. Valvu mbili za moshi zilinunuliwa mpya, ile iliyoungua na ile iliyokuwa njiani kuungua. Nyingine zilisafishwa uso kwa mashine, na kabla ya kukubaliwa kila moja ilipimwa unene wa ukingo. Ukishuka chini ya nusu milimita, valvu hiyo ni chuma chakavu, maana ukingo mwembamba hushika joto na kuungua upesi.

Hedi iliporudi Kamanga, fundi aliketi kwenye kigoda, akaiweka mbele yake, akaanza kusaga.

Kifaa cha kusagia ni fimbo fupi ya mbao yenye kikombe cha mpira kwenye ncha. Kikombe kinanata kwenye kichwa cha valvu. Anapaka dawa ya kusagia, uji mzito wenye chembe ngumu, vitone vitatu tu kwenye uso wa valvu, na tone la oili kwenye shina. Valvu inashushwa mpaka kwenye siti. Fimbo inawekwa kati ya viganja viwili na kuzungushwa huku na huku, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa uzito wa mikono tu. Baada ya mizunguko michache anaiinua valvu, anaigeuza robo, anaishusha tena, ili dawa isambae na isichore mfereji mahali pamoja.

Mwanzoni sauti ni ya kukwaruza, mchanga ukisagwa chini ya ndala. Polepole inalainika, inakuwa mvumo wa chini unaofanana mzunguko mzima. Fundi haangalii saa. Anasikiliza mpaka ukwaruzaji uishe, na mikono yake inayasikia mabadiliko kabla ya masikio yangu. Kisha anafuta valvu na siti kwa kitambaa, anapaka dawa laini, anaanza upya. Kila valvu inapata mikono hiyo hiyo na muda ule ule inaouhitaji. Valvu mpya ya silinda ya tatu ilikubali haraka. Moja ya zamani ya silinda ya nne ilimkalisha muda mrefu kuliko nyingine zote, na hakuonyesha dalili yoyote ya kuchoka nayo.

Kinachotafutwa ni duara la kijivu lisilong'aa, lisilokatika, lenye upana ule ule pande zote, kati ya milimita 1.0 na 1.4 kwa injini hii. Likiwa pana mno, mgandamizo wa springi unatawanyika na masizi yanapata mahali pa kukaa. Likiwa jembamba mno, joto halipati njia ya kutosha kutoka. Kijana alisaga yake, akaifuta, akaileta. Fundi aliishika kwenye mwanga. "Hapa pameruka, dogo." Kijana hakuona kitu. Fundi akachukua penseli, akachora mistari mifupi kuvuka uso wa valvu kuzunguka pande zote, akaishusha kwenye siti, akaibonyeza na kuigeuza kidogo, akaitoa. Mistari yote ilikuwa imefutika katikati isipokuwa miwili iliyokuwa jirani. Hapo valvu haikuwa ikigusa. Kijana akairudisha, akasaga upya, na fundi hakuongeza neno.

Ujuzi huu fundi aliupata mjini Mwanza akiwa kijana, kwa kuosha vyuma vya fundi mwingine mpaka siku alipopewa valvu ya kwanza kusaga. VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza kazini namna hii. Ni utaratibu mzuri, na mafundi wengi zaidi wa mwambao huu wanastahili kufikiwa nao.

Baada ya kusaga kulikuja kuosha, na hapa fundi alikuwa mkali kuliko wakati wowote. Dawa ya kusagia haichagui. Chembe zake zikibaki ndani ya kibomba zitasaga shina, zikiteremka kwenye oili zitasaga kemshafti na beringi. Hedi ilioshwa kwa petroli, ikaoshwa tena kwa maji ya moto na sabuni, brashi nyembamba ikapitishwa katika kila kibomba, ikapulizwa kwa upepo, ikapakwa oili papo hapo. Kitambaa cheupe kilipitishwa kwenye kila siti. Kikitoka na kijivu, kuosha kunarudiwa.

Sili mpya zilikaa juu ya vibomba, zikisukumwa kwa kidole gumba na kumaliziwa kwa soketi ya saizi yake. Valvu zikaingia zimepakwa oili, springi zikakandamizwa, loki zikashikwa kwa grisi kidogo ili zisidondoke, kisha kila shina likagongwa polepole kwa nyundo ya plastiki ili loki zikae. Loki isiyokaa itaruka injini ikiwa mwendoni, na valvu itaangukia pistoni.

Halafu lilikuja jaribio ambalo wenye haraka huliruka. Plagi zikafungwa, hedi ikageuzwa vyumba vya moto viangalie juu, na kila chumba kikajazwa petroli. Fundi akaenda kunywa chai, mbali na meza. Aliporudi alichungulia matundu ya hewa na ya moshi kwa tochi, moja baada ya jingine. Silinda ya kwanza, upande wa kuingiza, palikuwa na unyevu, hata tone halijatimia. Dereva, aliyekuwa amekuja kuulizia, alisema kiasi hicho si kitu. Fundi alimwaga petroli, akakandamiza springi, akatoa valvu, akasaga, akaosha, akafunga, akajaza upya. Safari hii palikuwa pakavu.

Sehemu ya mwisho ni ya hesabu. Siti ikikatwa na valvu ikisagwa, valvu hukaa ndani zaidi na shina lake huchomoza zaidi juu. Ile nafasi kati ya kemshafti na kikombe hupungua. Ikiisha, valvu haifungi kabisa injini ikipata moto, na kazi yote inaungua ndani ya wiki. Kwa 3S-FE iliyo baridi nafasi hiyo iwe milimita 0.19 hadi 0.29 kwa valvu za kuingiza, na 0.28 hadi 0.38 kwa za moshi, ambazo hurefuka zaidi kwa joto. Marekebisho hufanywa kwa shimu, kisahani cha chuma kigumu kinachokaa juu ya kikombe. Shimu za injini hii hutoka katika saizi 17, kuanzia milimita 2.50 hadi 3.30, zikipishana kwa 0.05.

Kemshafti zilifungwa hedi ikiwa mezani juu ya mbao mbili, ili valvu zinazosukumwa zisiguse bati. Fundi alipima, kijana akaandika kwenye ubao wa katoni. Valvu moja ya moshi ilitoa 0.20. Inatakiwa 0.33, katikati ya kipimo. Imepungua 0.13. Shimu iliyopo ni 2.80 kwa maikromita. Toa 0.13, inabaki 2.67. Ya karibu ni 2.65, itakayoacha nafasi ya 0.35. Fundi alifungua kopo la maziwa lililojaa shimu za injini zilizokufa, kila moja ameipima na kuifunga kwa karatasi yenye namba yake, akaitoa 2.65 bila kutafuta sana. Hata hivyo aliipima tena kabla ya kuiweka. Hesabu hiyo ilirudiwa kwa valvu zote 16, na kemshafti zilitoka na kurudi mpaka kila namba kwenye katoni ikawa ndani ya mipaka.

Kufunga kulienda kwa utulivu. Gasketi mpya, uso mkavu, boliti zimepakwa oili kidogo kwenye nyuzi zake. Zikabanwa kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu, mpaka spana ya kupimia nguvu ikafikia niutonimita 49. Kisha kila kichwa cha boliti kikapakwa tone la rangi nyeupe upande wa mbele, na kila boliti ikazungushwa nyuzi 90 zaidi. Matone yote 10 yalipoelekea upande mmoja, hakuhitaji kuuliza kama ipo iliyosahaulika.

Injini iliwaka baada ya mizunguko michache ya stata. Ilitoa moshi wa oili ya kufungia, ukaisha, ikatulia. Kwenye sailensa kijana aliweka sarafu ya shilingi 200 ikisimama kwa ukingo juu ya kifuniko cha valvu, ikatetemeka kidogo bila kuanguka. Fundi hakuangalia sarafu. Alisubiri injini ipoe, akafunga tena geji ya kompresheni, na silinda zote nne zikasoma zaidi ya 150, ya tatu ikiwa sawa na wenzake.

Madereva wengi siku hizi husema ni rahisi kununua hedi ya mtumba au injini nzima iliyotoka Japani. Pengine ni haraka zaidi. Lakini hedi ya mtumba huja na historia isiyojulikana, na hakuna aliyeimwagia petroli na kwenda kunywa chai akiisubiri. Kwa maoni yangu hedi iliyopita kwenye meza ile ya bati ni salama kuliko nyingi zinazouzwa zimefungwa kwenye nailoni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, gari lako likianza kumisi usiliendeshe wiki nzima ukitumaini litapona, maana kila kilomita inaongeza pengo kwenye ukingo wa valvu na kuila siti iliyo chini yake. Mpelekee fundi mapema, mwachie siku anazoomba, na kabla hajafunga hedi mwombe akuonyeshe lile duara la kijivu na jaribio la petroli. Fundi anayeijua kazi hii hatakasirika. Atakukabidhi valvu mkononi uitazame mwenyewe.